Miaka Minane ya Bior

Kakuma, 3 Machi 2025

Kwa daktari wa meno, Akoru Losike, Lodwar

Sijui nikusalimie vipi, kwa hiyo sitakusalimia.

Mimi ni Adhel Manyang, mama wa Bior Atem, yule kijana mrefu uliyemwangalia kinywani tarehe kumi na nane Februari. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje na binti yangu Akuol, na nilisikia kila kitu kwa sababu mlango wenu haufungi vizuri. Niliangalia saa. Dakika nne. Ulimulika tochi, ukagonga magego yake kwa kile kichuma chako, ukamwambia funga. Wiki moja baadaye karatasi yako ikafika kwa wale wanaoshughulikia safari yetu ya kutoka kambi hii ya wakimbizi kwenda ng'ambo, kwa Kiingereza, na muhuri juu yake: miaka ishirini na tano au zaidi.

Bior nilimzaa mimi, kwetu Bor, Sudan Kusini, mwaka 2007, mvua zilipokuwa zinaanza. Ana miaka kumi na saba. Umempa miaka minane ambayo sikumzaa nayo.

Labda hujui karatasi yako imefanya nini. Kwa hesabu yao, mtoto aliyepita miaka ishirini na moja anatolewa kwenye faili la mama na kufunguliwa lake peke yake, na faili la mwanamume aliye peke yake linakaa kabatini miaka. Baba yao amekufa. Tuko watatu tu kwenye faili. Akuol ana miaka tisa na moyo wake una tundu, na waliompima wamesema asikae huku mwaka mwingine. Safari yake ilishapitishwa. Kwa hiyo wewe, kwa tochi yako, umeniambia nichague mtoto.

Nimekupigia simu mara kumi na moja. Sasa haiingii, umeifungia namba yangu. Barua huwezi kuifungia. Anayekuletea ni jirani yangu Sylviane, Mkongomani, anakuja Lodwar kununua vitambaa, na nimemwambia asitoke hapo mpaka uipokee kwa mkono wako mwenyewe.

Futa ulichoandika.

Adhel Manyang


Lodwar, 10 Machi 2025

Bi. Adhel Manyang, Kakuma

KUH: UMRI WA BIOR ATEM

Barua yako nimeipata, pamoja na mama aliyesimama mlangoni mpaka wagonjwa wakaanza kumpisha. Nitajibu mara moja tu.

Namba yako niliifungia kwa sababu ulimtukana karani wangu.

Kuhusu umri: miaka haiandikwi kwa kumwuliza mama. Kama ingekuwa hivyo, nisingekuwa nikitumiwa watu. Inasomwa kinywani. Jino la kijana lina vilele juu, na ganda gumu jeupe limelifunika lote. Mtu akitafuna miaka mingi, vilele vinasagika, ganda linakuwa jembamba, na lile tabaka la ndani la njano linajitokeza. Ufizi unarudi nyuma na jino linaonekana refu. Hiyo ndiyo kazi ya miaka na haimwachi mtu.

Magego ya mwanao yamesagika yakawa bapa. Meno yake ya mbele ya juu ni marefu kupita kawaida. Rangi ni ya kahawia. Magego manne yameoza, mawili hadi kwenye neva, na moja limebaki kuta tu. Meno sita ya mbele ya chini hayapo. Sijawahi kuona kinywa kama hicho kwa mwanafunzi. Nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja, hapa Lodwar, Kaikor, na Longech kwa wavuvi. Niliandika nilichokiona baada ya uchunguzi kamili.

Nakushauri umpeleke mwanao akang'olewe lile gego bovu la chini kushoto. Hilo ndilo la haraka, si mambo ya karatasi.

Akoru Losike
Afisa wa Afya ya Kinywa na Meno


Kakuma, 14 Machi 2025

Akoru,

Barua yako nimemsomea Bior. Alicheka, halafu akashika shavu, maana hata kucheka kunamuuma.

Sasa na mimi nikufundishe kidogo. Wewe ulikaa na kinywa hicho dakika nne, mimi miaka kumi na saba.

Kahawia ni maji. Tulikimbilia Kakuma Bior akiwa na miaka mitatu, ng'ombe walipoibwa na nyumba kuchomwa, na tulikunywa maji ya kisima kimoja chenye chumvi miaka yote aliyokua. Watoto wote wa mtaa wetu wana meno hayo. Akuol amezaliwa hapa, na meno yake ya mbele ni rangi ya chai ya maziwa. Basi na yeye mwandikie miaka arobaini.

Kusagika ni mchanga. Mtama wa mgao tunausaga kwa jiwe, na upepo wa hapa unauongezea mchanga wake kabla sufuria halijafunikwa. Kakuma hata uji unatafunwa. Wewe unayekula mkate wa dukani huwezi kujua.

Kuoza ni mimi. Sikufichi. Nilikuwa na kibanda cha biskuti na peremende, na sikuwa na mtu wa kumwachia mtoto, basi nilimkalisha chini ya meza. Akilia nampa peremende anyamaze, wateja wasikimbie. Magego yake makubwa yaliota peremende ikiwa shavuni. Niliyaozesha mimi, na kila usiku akigeuka upande nakumbuka lile kopo. Lakini kuoza si kuzeeka. Nyanya changa nayo inaoza ikiwa bado kwenye mti.

Na meno sita ya chini. Umeandika "hayapo". Yaliondolewa na babu yake kwa mila yetu, mwaka 2017, Bior akiwa na miaka kumi, kama yeye mwenyewe alivyoondolewa. Mimi nilikataa. Wakaja wajomba wanne, nikashindwa. Mtoto hakutoa hata sauti, mimi ndiye niliyelia nyuma ya nyumba. Na kwa kuwa hakuna meno ya chini ya kuyazuia, ya juu yameshuka, ndiyo maana ni marefu. Hilo hata mimi muuza biskuti naliona.

Wewe ni Mturkana. Kwenu pia wazee waling'oa ya chini. Usijifanye hujui. Muulize mama yako meno yake mawili ya mbele yalichukuliwa na uzee akiwa na miaka mingapi.

Adhel Manyang


Lodwar, 21 Machi 2025

Mama Bior,

Mama yangu usimguse.

Ndiyo, hana mawili. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimtengenezea ya bandia kwa mikono yangu hii, na bado anafunika mdomo kwa leso akicheka, mwanamke wa miaka sabini, kwa sababu wanawake wa mjini walimcheka tulipohamia Lodwar. Sikuanza kazi hii ili nisomeshwe habari za meno ya mama yangu na mtu nisiyemjua.

Nikwambie ninavyoishi. Kila wiki wanakuja watu wanaotaka wapunguziwe miaka, na wengine wanaotaka waongezewe. Mwaka jana mwanamume mwenye mvi kifuani aliniapia hapa kwamba ana miaka kumi na tisa. Mama yake alilia, na alilia vizuri kuliko wewe. Nikimwamini kila anayelia, karatasi yangu itakuwa ya kufungia sukari, na yule mtoto wa kweli atakayekuja kesho hataaminiwa na mtu.

Nyanya yako nimeielewa. Kuoza si kuzeeka, nilijua hivyo kabla yako. Vijidudu vya kinywani vinakula sukari, vinatoa asidi, asidi inalainisha ganda, shimo linachimbika polepole mpaka linafika kwenye neva. Linaweza kumpata mtoto wa chekechea. Uzee unasaga kutoka juu, kuoza kunachimba kuingia ndani, na mtu aliyesomea anavitofautisha. Mimi nilivijumlisha vyote, na jumla ndiyo niliyoandika.

Sibadilishi neno kwa sababu ya matusi. Kama una ushahidi, si maneno, ulete.

Akoru Losike


Kakuma, 30 Machi 2025

Akoru,

Ushahidi huu hapa, umefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Fungua polepole, limepasuka upande mmoja.

Baada ya barua yako uso wa Bior ulivimba mpaka jicho likafungika. Siku tatu hakula. Alhamisi nilimpeleka kwa Aregae, yule anayeng'oa meno kwenye zahanati ya upande wetu, na alilitoa gego lile la chini kushoto, lile lililobaki kuta. Usaha ulitoka wa kujaza kijiko. Bior alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi, na aliponiachia alisema, "Mama, samahani." Mtu wako wa miaka ishirini na tano.

Aregae alishangaa kusikia habari ya karatasi. Aliniuliza, "Lodwar walimpiga eksirei?" Nikasema sijui eksirei ya meno ni nini. Akanieleza: ukitaka kujua kijana amefika miaka mingapi, huangalii meno yaliyotoka, unaangalia yale magego ya mwisho kabisa, yaliyo bado ndani ya ufizi, kama mizizi yao imeshafunga au bado iko wazi. Akasema hicho ndicho kitu cha kwanza. Halafu akasema, polepole, maana hakutaka kukuharibia jina, kwamba mashine yenu imekufa tangu Januari.

Umeandika "uchunguzi kamili". Kwa Kiingereza kwenye karatasi ya ofisi, na kwa Kiswahili kwenye barua yako kwangu. Mara mbili.

Hukumpiga picha. Uliangalia kwa macho ukaandika. Halafu unaniita mimi mwongo, unanilinganisha na mama wa mwenye mvi.

Safari ya Akuol ni tarehe ishirini na nne Aprili. Ofisi imesema chochote cha kuongeza kwenye faili la Bior kifike kabla ya tarehe kumi na saba. Leo ni thelathini. Jino lirudishe ukimaliza, si lako.

Adhel


Lodwar, 5 Aprili 2025

Mama Bior,

Nimeanza barua hii mara tatu.

Lile gego nililikata katikati kwa msumeno mdogo, kutoka juu hadi kwenye mizizi. Nieleze nilichoona, halafu unitukane.

Jino halikai tu likisubiri. Kadiri mtu anavyozeeka, linajijenga kwa ndani, tabaka juu ya tabaka, na chumba cha neva kinazidi kuwa chembamba mpaka kwa mzee kinabaki uzi. Gego la mwanao, upande uliooza, lilikuwa limejijengea ukuta kuzuia lile shimo, na ukuta ule ulivunjika. Lakini kule chini kwenye mizizi, ambako kuoza hakujafika, njia ya neva ni pana. Pana sana. Sindano yangu nene iliingia bila kugusa kuta. Hilo si jino la mtu wa miaka ishirini na tano, na nilijua hivyo kabla sijazima msumeno.

Mashine yetu imekufa tangu Januari, ni kweli. Ningemwambia mwanao asubiri, au ningempeleka kwingine, au ningeandika kwamba sikupiga picha. Siku ile kulikuwa na watu ishirini na sita kwenye benchi. Niliandika "uchunguzi kamili" kwa sababu ndivyo fomu inavyotaka iandikwe, na kwa sababu nilikuwa na hakika.

Nimejiuliza hiyo hakika niliitoa wapi. Marehemu baba yangu, Losike, alikuwa dalali wa mbuzi sokoni hapa Lodwar. Tangu nina miaka sita kazi yangu ilikuwa kufungua vinywa. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu, wewe wa watu wa ng'ombe unajua. Miaka yake iko chini. Mawili makubwa, manne, sita, manane, halafu yanalegea, yanatawanyika, yanaanguka. Aliyebaki bila meno ya mbele ya chini huyo ni mzee, baba hakumnunua hata kwa nusu. Nilikuwa nikifungua mdomo natamka umri kabla hajamaliza kuuliza, na alinisifu mbele ya watu. Kusoma kwangu kote kulianzia pale.

Bior alipofungua kinywa nikaona chini hakuna kitu. Nadhani mkono wangu uliandika hapo hapo, na mengine yote, kusagika, rangi, urefu wa meno ya juu, niliyatafuta baadaye ili yakubaliane nao. Na mimi nimelelewa na mama mwenye pengo hilo hilo. Nimelifunika pengo lile miaka kumi na mmoja kwa meno ya bandia mpaka nikasahau kwamba lina sababu.

Nilimsoma mwanao kama mbuzi. Naona aibu, na sijui kuiandika vizuri zaidi ya hivyo.

Ekai, rafiki yangu, ana mashine inayofanya kazi kwenye kliniki yake karibu na barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Mlete Bior Jumatano tarehe tisa. Nitakuwepo tangu asubuhi. Sikuandikii hivi kwa kuwa umenishinda kwa maneno. Mdomo wako bado sijausamehe.

Akoru


Kakuma, 12 Aprili 2025

Akoru,

Naandika kwa sababu ulimwuliza Bior kama nina hasira. Ulipaswa kuniuliza mimi, nilikuwa pale pale.

Chai yako sikunywa kwa sababu sikuwa na kiu ya chai yako.

Picha niliiona. Ekai aliiweka kwenye taa akanionyesha yale magego ya mwisho, yamelala ndani ya mfupa, mizizi yao mifupi na midomo yao iko wazi. Akasema, "Mama, haya bado yanajengwa. Huyu ana kumi na sita, kumi na saba, labda kumi na nane." Nilitamani kupiga vigelegele na nilitamani kukupiga kofi.

Kuna jambo hulijui. Ulipokuwa ndani, mama yako alikuja kukuletea chakula. Alimkuta Bior kwenye benchi. Bior amefundishwa adabu, akainuka, akamsalimia kwa Kiturkana, "Ejok, ata," yaani hujambo, bibi. Mama yako akamwangalia mdomoni, akamwangalia tena. Halafu akageukia ukuta, akatoa yale meno uliyomtengenezea, akayafunga kwenye leso, akamgeukia mwanangu akacheka mdomo wazi kabisa. Akamwonyesha kidole pengo lake, kisha pengo la Bior. Bior naye akacheka, mara ya kwanza tangu Februari. Wakakaa hapo wakiulizana kwa ishara nani aliumia zaidi.

Mama yako ni mtu mzuri. Sijui wewe umetoka wapi.

Karatasi mpya iandike haraka. Nusu moja ya lile jino hukunirudishia.

Adhel


Lodwar, 14 Aprili 2025

Mama Bior,

Karatasi mpya imefika ofisini leo saa nne asubuhi, nimeipeleka mwenyewe hadi Kakuma na wakasaini kwamba wameipokea. Nimeandika kwamba ya kwanza ilikuwa na makosa, kwamba makosa ni yangu, kwamba meno ya chini yaling'olewa kwa mila na hayakuanguka, na kwamba mchanga, maji na sukari vilifanya kazi ambayo mimi niliihesabu kuwa ni miaka. Picha nimeiambatanisha. Nakala ni hii.

Nilipita kibandani kwako. Sylviane alisema uko hospitalini na Akuol. Sikukuacha salamu kwa sababu nilijua ungezirudisha.

Nusu ya jino iko kwenye droo yangu. Naomba ibaki kwangu. Nataka niwe naiona kabla sijaandika umri wa mtu mwingine.

Nisamehe.

Akoru


Kakuma, 22 Aprili 2025

Akoru,

Wamejibu jana.

Wamesema wana karatasi mbili kutoka kwa daktari mmoja, zimepishana miaka minane, na hawawezi kuchukua ile anayoitaka mama na kuiacha nyingine. Kwa hiyo Bior anapelekwa kwenye jopo la madaktari watatu. Jopo linakaa Agosti. Mpaka hapo yuko kwenye faili lake peke yake. Sisi wawili tuondoke tarehe ishirini na nne, na nisipoondoka, nafasi ya Akuol inakwenda kwa mwingine na tunaanza upya.

Karani alinisomea haya kwa upole. Ningependa angekuwa mkali.

Ungesema ukweli Februari, "mashine imekufa, sijapiga picha", wangesubiri. Ungesema hata Machi, nilipokuandikia mara ya kwanza. Ulikaa wiki tano unanifundisha ganda na neva, na hizo wiki tano ndizo zilizotakiwa. Karatasi yako ya pili ni nzuri, nimeisoma mara nyingi. Imechelewa tu.

Sitaondoka. Nimemwambia Sylviane asinifungie mizigo. Nitakaa na wanangu wote wawili, na moyo wa Akuol utapiga mpaka pale utakapoweza. Bior ananiangalia. Hajawahi kunitazama hivyo.

Umeomba nikusamehe. Sina hicho kitu ndani ya nyumba. Usiniandikie tena.

Adhel Manyang


Kakuma, 19 Mei 2025

Kwa Daktari Akoru,

Ejok. Mimi ni Bior Atem. Mama alikukataza kumwandikia yeye, hakusema chochote kuhusu mimi, kwa hiyo naandika.

Mama na Akuol waliondoka tarehe ishirini na nne. Walifika salama. Akuol amefanyiwa upasuaji Jumanne iliyopita, na juzi alinitumia sauti kwenye simu ya Sylviane anasema huko kuna baridi na wanampa uji usio na mchanga. Nakaa na Sylviane na watoto wake. Shuleni niko kidato cha tatu bado. Jopo ni Agosti, wamenipa tarehe.

Nataka ujue mama hakuniacha. Watu hapa wanasema, na sipendi wafike Lodwar wakisema. Asubuhi ile gari lilikuja saa kumi na moja na mama alikuwa amekaa chini kwenye geti, amekunja miguu, Akuol amelala mapajani mwake. Wanaume wawili walimbembeleza, akakataa. Sylviane akalia, akakataa. Dereva akawasha injini.

Nikaenda nyumbani nikachukua nakala ya karatasi yako ile ya kwanza, aliyopewa mama ofisini. Mama alikuwa ameihifadhi chini ya godoro, ilikuwa imekunjwa mara nyingi. Nikarudi nikasimama mbele yake nikamsomea kwa sauti, mbele ya wote. Nikamwambia: "Mama, imeandikwa hapa, ina muhuri. Mimi si mtoto. Nina miaka ishirini na tano, na baba hayupo, kwa hiyo mwanamume wa nyumba hii ni mimi. Nakuamuru upande gari."

Sijawahi kumwamuru mama kitu. Alinitazama nikadhani atanipiga. Kisha alisimama, akaniwekea mkono kichwani kama wanavyowekewa wazee kwetu, akasema, "Sawa, baba." Akapanda. Hakugeuka nyuma. Nilisimama hivyo hivyo nimenyooka mpaka gari likapita daraja, halafu nikakaa chini pale pale kwenye vumbi nikalia, na Sylviane akanipeleka nyumbani amenishika mkono.

Kingine ni hiki. Tangu wiki jana kwa nyuma kabisa, chini kulia, ufizi umevimba na kuna kitu kigumu cheupe kinachungulia. Aregae anasema ni lile gego la mwisho tuliloliona kwenye picha, sasa linatoka. Linauma usiku. Mama amesema kwa simu nisikuruhusu wewe uliguse. Lakini Aregae hana eksirei, na nataka lipigwe picha kabla ya Agosti, ili likionekana kwa jopo lionekane na mizizi yake. Nitakuja Jumatano. Nitakaa kwenye benchi nje na mama yako kama atakuwepo, na wewe usiniulize habari za nyumbani.

Karatasi ya kwanza nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ile miaka minane niliitumia asubuhi moja tu, kwenye geti. Nakurudishia.

Bior Atem